Mrejesho: Mishale iliyokuwa inakwenda kando

Wakuu, niliuliza kwa nini mishale yangu ya kaboni inapiga sawasawa na ncha za mazoezi, ila nikifunga vyembe vya kuwindia (ncha zenye makali) inakwenda kando shibiri nzima kwa mita 30. Mliosema uti, yaani kijiti cha mshale, ni laini mno mlipatia. Nilikuwa na uti wa namba ya ugumu 500 kwenye upinde wenye nguvu ya kuvuta ya pauni 60, nimehamia 400. (Kumbe namba ikishuka uti unakuwa mgumu, mimi nilidhani kinyume!) Vyembe ni vilevile, makali yasiyokunjuka, uzito greni 100 (kama gramu 6.5). Kimoja nilipozungusha mshale wake juu ya ukucha kuona kama kimenyooka, kilikuwa kinayumba, nikakiweka kando. Sasa mishale yote inatua pamoja, yenye ncha za mazoezi na yenye vyembe. Vyembe vya kukunjuka, ambavyo makali yake hufunguka kwa bawaba vikigonga, sijajaribu. Kitu chenye bawaba kigonge mfupa? Hapana, asanteni.