Je, nianze na uhandisi wa materiali katika shahada ya kwanza, au nipitie kwingine kwanza?

KijanaWaNgara
Shikamooni wakubwa, na habari za leo kwa rika langu. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) na ninajiandaa kuomba chuo. Tangu nilipoanza kusikia habari za nikeli ya Kabanga, ambayo iko wilayani kwetu, nimekuwa nikijiuliza inakuwaje metali moja iingie kwenye sufuria isiyoshika kutu, kwenye injini ya ndege na kwenye betri ya gari. Nilipoulizia, nikaambiwa kwamba maswali ya namna hiyo ni ya uhandisi wa materiali. Baba anataka nisomee uhandisi wa ujenzi, kwa kuwa hajawahi kuona tangazo la kazi linalomtaka mhandisi wa materiali. Ninaomba ushauri: inafaa kuanza nao, na kazi yenyewe ikoje?

MzeeWaKarakana, Tanga
Marahaba, mwanangu. Mimi nilisomea uhandisi wa mitambo, na aliyeniingiza kwenye materiali ni shafti moja ya pampu. Katika kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi, shafti hiyo ilikatika mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na kila mara tuliagiza nyingine kwa kuamini kwamba mzigo uliizidi nguvu. Mara ya tatu nilikiosha kipande kwa mafuta ya taa, nikakitazama kwa kioo cha kukuzia. Sehemu kubwa ya uso uliovunjika ilikuwa laini, yenye michirizi ya tao kama ile ambayo maji yakipwa huiacha mchangani, na michirizi yote ilianzia kwenye kona kali ya mfereji unaoshikiza puli. Upande wa pili palikuwa na eneo dogo lenye chengachenga, ambalo ndilo lililokatika ghafla siku ya mwisho. Huo ndio uchovu wa metali: ufa huanza mahali mkazo ulipojikusanya, kisha husogea kidogo kidogo kwa kila mzunguko, hata mzigo ukiwa chini ya uwezo wa chuma chenyewe. Tuliagiza shafti yenye kona iliyochongwa mviringo, na haikukatika tena kwa muda wote niliokuwapo pale.

Kazi ndiyo hiyo. Baba yako asitafute jina la fani kwenye tangazo. Atafute udhibiti wa ubora, ukaguzi wa maungio ya kuchomelea, na uzuiaji wa kutu kwenye mabomba na matangi.

MwalimuWaMaabara
Ninakubaliana na mzee wangu wa Tanga, ila kuna jambo la kumfafanulia kijana. Kuitoa nikeli kwenye mwamba ni metalujia na uchakataji wa madini, fani inayofundishwa katika shahada ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uhandisi wa materiali unakwenda mbele ya hapo: unachunguza jinsi mpangilio wa atomi na chembe ndani ya metali, seramiki au plastiki unavyobadilika kwa kupashwa moto, kupozwa au kufuliwa, na jinsi badiliko hilo linavyoamua ugumu, wepesi wa kuvunjika na maisha ya kitu. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inaufundisha kwa ngazi ya umahiri na uzamivu. Kwa hiyo ningekushauri uanze na metalujia au mitambo, kisha uendelee Arusha.

Nawe unatoka Kagera, kwa hiyo fani hii si ngeni kwenu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wahaya, ambapo wazee waliojenga upya tanuri lao walionyesha jinsi mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa yalivyopasha moto hewa ya mivukuto kabla haijafika kwenye makaa. Huo ni uhandisi, na ninasikitika kwamba wanafunzi wengi humaliza shule bila kuusikia.

DadaWaNondo, Mombasa
Mdogo wangu, mimi ninafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha nondo. Kila zamu tunakata kipande, tunakisugua hadi king'ae, kisha tunakipaka asidi. Hapo pete nyeusi hujitokeza pembeni na kiini hubaki na rangi hafifu. Nondo ikitoka kwenye rola ikiwa bado nyekundu hupigwa maji, ngozi yake, ambayo ndiyo pete hiyo, ikawa ngumu ghafla, halafu joto lililobaki kiinini huirudia ngozi hiyo na kuipunguzia wepesi wa kuvunjika. Pete ikiwa nyembamba upande mmoja, tunasimamisha kazi na kukagua mabomba ya maji.

Mwambie baba kwamba mhandisi wa ujenzi anaitegemea pete hiyo. Ila kemia usiiache, hasa ukija pwani, kwa maana chumvi hupenya zegeni, nondo hushika kutu, na kutu hiyo, kwa kuwa hujaa kuliko chuma kilichoizaa, hupasua zege kutoka ndani.

KijanaWaNgara
Ninawashukuru sana. Nimemsomea baba majibu yote, na ameuliza kama mwenye shahada ya metalujia husajiliwa kuwa mhandisi kama wengine.

MwalimuWaMaabara
Husajiliwa, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwanza huandikishwa kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi, na mpango wa bodi wa mafunzo hayo ni wa miaka 3. Kabla ya kujaza maombi, omba kuingia maabara ya chuo, uulize mashine ya kuvuta sampuli na hadubini ya metali hutumiwa na wanafunzi wangapi kwa zamu moja.