Mjadala: Mpiga picha wa kujifurahisha agawe priseti zake bure, au aziuze?

Jicho la Mkomani (mwanzishaji wa mada)

Assalam aleikum ndugu zangu. Kupiga picha kwangu ni burudani ya baada ya kazi, sina studio wala wateja. Katika pitapita zangu nimetengeneza priseti kadhaa, yaani viwango vya rangi na mwanga vilivyohifadhiwa ili viwekwe juu ya picha yoyote, za Lightroom, programu ya kuhariri picha, zinazofuata mwanga wa hapa kwetu. Mojawapo ni ya vichochoro vya mji wa kale wa Lamu, ambamo jua huingia kwa mwanya mwembamba, ukuta wa chokaa ukaungua kwa weupe na mlango wa nakshi ulio kivulini ukabaki mweusi tititi. Nyingine ni ya mbele ya bahari wakati wa alasiri. Hadi sasa nimekuwa nikizigawa bure, kwa kutuma faili ya picha ya aina ya DNG ambayo yeyote mwenye Lightroom ya simu huifungua na kunakili viwango vyake. Sasa nafikiria kuweka bei ndogo. Wapo wanaosema huo ni uchoyo, na wapo wanaosema kwamba kugawa bure ndiko kunakowaharibia riziki wanaoishi kwa kamera. Ninyi mnaonaje?

Mwana wa Langoni

Wa aleikum salaam. Mimi ni miongoni mwa hao wanaoishi kwa kamera, kwa hiyo nitasema wazi: uza, au kaa nazo. Kijana akipata mtindo wako bure leo, kesho anakwenda kwa mwenye arusi na kutaja nusu ya bei yangu, na mwenye arusi haoni tofauti kwa kuwa rangi zinafanana. Tena, tukisema kweli, priseti hizi za bure zimeuchosha mji. Kila picha ya Lamu ninayoiona ina bahari ya feruzi ambayo hakuna nahodha wa hapa anayeijua, na nyuso za mama zetu zimekuwa za rangi ya embe bivu.

Bint Shela

Embe bivu? Bwana, wewe ndiwe wa mwisho kulisema hilo. Nimehudhuria arusi, sitaitaja ni ipi, ambapo albamu ilipoletwa bibi arusi alikuwa ameng'arishwa mpaka shangazi yake mzazi akauliza huyu ni nani. Hiyo haikuwa kazi ya priseti ya bure, ilikuwa kazi ya kulipiwa, na malipo yake hayakuwa haba.

Mwana wa Langoni

Wateja ndio wanaotaka kung'arishwa, dada. Nikimpelekea mtu uso wake kama ulivyo, ananirudishia picha. Lawama hiyo wapelekee wao.

Mzee wa Gati

Wanangu, jambo hili halikuanza na simu zenu. Katika enzi ya filamu tulikuwa tukipeleka mikanda isafishwe, na nyuso zetu zikirudi hazina macho wala pua, zimekuwa giza moja. Baadaye ndipo niliposoma kwamba Kodak, watengenezaji wa filamu, walikuwa wakizipatia maabara kadi ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley, na rangi zote zikipimwa kwa ngozi yake. Waliowalazimisha kubadilika, kama sikosei, walikuwa watu wa sinema.

Mchanga wa Manda

Mzee, shikamoo. Kadi ni kweli ilikuwepo, lakini wanaotajwa kwamba malalamiko yao yaliwafanya Kodak waihangaikie rangi ya kahawia ni wafanyabiashara wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao katika matangazo yao hawakuweza kutofautisha chokoleti nyeusi na ya maziwa, wala mbao ya aina moja na ya nyingine. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtu.

Kuhusu hilo embe, sababu yake inajulikana. Ngozi ya binadamu, iwe nyeupe au nyeusi, kwenye programu huangukia katika eneo la rangi ya chungwa na nyekundu. Priseti nyingi zinazovuma huigeuza samawati iwe feruzi na kuipandisha chungwa ili vitu viwili hivyo vipingane. Aliyeitengeneza kwa ngozi nyeupe hupandisha pia mwangaza wa chungwa ili uso ung'ae. Viwango hivyo hivyo vikiwekwa juu ya uso wetu, wekundu ulio chini ya ngozi unapotea na uso unakuwa wa kijivu, au unawaka. Dawa ni kuishusha nguvu ya chungwa kidogo, kuuacha mwangaza wake kama ulivyo, kisha kuinua vivuli kwa uangalifu. Isitoshe, tangu mwaka 2022 Lightroom ina kipimo cha kupunguza nguvu ya priseti nzima, na sijui kwa nini watu hawakigusi.

Kosa kubwa zaidi ni kuhifadhi joto la rangi, yaani umanjano au usamawati wa mwanga, ndani ya priseti. Kwenye faili ghafi ya kamera joto hilo huandikwa kwa Kelvini, ilhali kwenye JPEG, picha ya kawaida iliyokwisha kuandaliwa, ni nyongeza au upungufu tu kutoka pale picha ilipo. Kwa hiyo kiwango kilichofaa picha ya mbele ya bahari saa kumi na moja jioni hakina maana yoyote ndani ya ukumbi wenye taa za rangi. Anayegawa priseti na aliacha kisanduku cha joto la rangi kikiwa na alama amegawa matatizo, awe ametoza au hakutoza.

Mgeni wa Malindi

Nimefurahi kuona feruzi imetajwa. Hapa kwetu mto Sabaki ukijaa, maji ya ghuba huwa ya udongo kabisa, na kila aliyekulia Malindi anaijua rangi hiyo. Lakini ukitafuta picha za Malindi hutaiona, kwa sababu kila anayepiga humwaga priseti ya visiwa vya mbali. Watalii wakifika wanatuuliza bahari imechafuliwa na nani.

Bint Shela

Lamu pia, mkondo ulio kati yetu na kisiwa cha Manda una mikoko, na maji yake mara nyingi ni ya kijani kizito. Kwa macho yangu ni rangi nzuri kuliko hiyo feruzi ya kununua.

Jicho la Mkomani

Ndugu zangu, niliuliza habari ya bei. Hata hivyo, kwa kuwa mmeifikisha hapa, nijitetee: priseti yangu ya baharini haigusi samawati hata kidogo, na ya vichochoro kazi yake kubwa ni kuteremsha sehemu zenye mwanga mkali na kuinua vivuli, ili chokaa ionyeshe alama za mwiko wa fundi na nakshi ionekane. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu, pamoja na mengine, ya nyumba zake za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Sioni ubaya wa kuwasaidia vijana wayaonyeshe mawe hayo kama yalivyo.

Mwana wa Langoni

Kama haigusi kitu, unauza nini?

Mchanga wa Manda

Swali hilo ni la kejeli, lakini lina kiini. Priseti haina picha ndani yake, ni orodha ya viwango tu. Faili za priseti za zamani, za aina ya lrtemplate, na hizi za xmp, zilizokuja mwaka 2017, ukizifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi unasoma kila tarakimu. Mnunuzi wa kwanza anaweza kuwasomea wenzake wote barazani. Ndiyo maana mimi nimehamia darktable, ambayo ni programu huria tangu 2009, na mitindo yake watu hugawana bila kuulizana bei.

Msomaji wa Matondoni

Aprili 2018, si 2017. Nakumbuka kwa sababu mkusanyiko wangu wote ulibadilishwa wenyewe siku niliposasisha.

Bint Shela

Wanaume mmezama katika tarakimu, na lililo muhimu zaidi halijaguswa. Jicho la Mkomani, tangazo lako la priseti lina picha mbili za “kabla na baada”. Ya pili ni ya mwanamke aliyeketi dirishani, buibui yake imeteremka, anacheka. Je, anajua kwamba uso wake ndio kibao chako cha biashara? Ulipokuwa ukigawa bure ilikuwa picha ya jirani kwa majirani. Ukiweka bei, yeye ndiye anayekuuzia, na hapati hata senti.

Jicho la Mkomani

Bi, hiyo ni tuhuma nzito. Huyo ni ndugu yangu wa damu, nilimwomba ruhusa kabla ya kupiga, na alikubali.

Bint Shela

Alikubali kupigwa. Je, alikubali kutumiwa katika tangazo? Hayo ni mambo mawili, na katika mji ambao wanawake wengi hawataki picha zao zitoke nje ya ukumbi wa arusi, tofauti hiyo ni kubwa.

Mzee wa Gati

Mwanangu Bint Shela amesema kweli, ingawa ameisema kwa ukali. Hata sheria ipo, ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Uso wa mtu ni habari yake mwenyewe, na idhini aliyoitoa kwa jambo moja haivutwi kulifunika jingine.

Mwana wa Langoni

Hapa nakubaliana na Bint Shela, ingawa alinitukana. Mimi huandikiana na mwenye arusi kabla sijaweka hata picha moja hadharani, na kuna familia ambazo nimezifanyia kazi tangu nianze na hazijawahi kuniruhusu. Nyinyi mnaojifurahisha hamna mikataba, ndiyo maana mnajifurahisha kwa nyuso za watu.

Jicho la Mkomani

Kauli hiyo si ya haki, na ninyi wenye mikataba ndio mnaozing'arisha hizo nyuso. Lakini nimezungumza na ndugu yangu jioni hii. Amesema gazeti la ukutani la familia sawa, tangazo hapana. Nimeiondoa. Nimeweka mlango mmoja wa nakshi wa Mkomani, na kisanduku cha joto la rangi nimekiondolea alama. Faili mpya iko pale pale pa zamani.

Mgeni wa Malindi

Nimeishusha na kuijaribu kwa picha tatu za ghuba yetu. Udongo wa Sabaki umebaki udongo, ahsante. Ila kwenye uso wa mwanangu vivuli vimepanda mno, punguza kidogo.

Mwana wa Langoni

Na umelipa ngapi?

Mgeni wa Malindi

Hakuna mahali paliponidai.