Kengele, vidonge au pampasi? Mtoto anakojoa kitandani na Januari anaenda bweni

Mama Nuru (mleta mada)
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnisaidie kuamua kabla sijatoa hela. Mwanangu wa kiume bado anakojoa kitandani na Januari anaingia darasa la tano, shule ya bweni. Ada tumeshalipa nusu. Nimebaki na njia tatu: ile kengele inayobanwa kwenye chupi, ikigusa unyevu inalia, vidonge vya usiku ambavyo jirani alimpa wa kwake akakauka kabisa, au nimnunulie pampasi kubwa na kava la godoro aende navyo. Baba yake anataka vidonge. Mimi naielemea kengele, ila ni ya kuagiza nje na bei yake imechangamka. Aliyewahi kutumia chochote kati ya hivi aniambie ukweli. Tupo Tabata.

Chande wa Kigamboni
Dada, hujataja umri. Darasa la nne wapo wa miaka tisa na wapo wa kumi na mbili. Halafu, amekuwa akikojoa tangu utotoni au aliwahi kukauka akaanza upya? Kila usiku au mara mojamoja? Mchana je? Bila hayo kila mtu hapa atakupigia debe la dawa yake.

Bibi Tausi
Pampasi usithubutu. Mtoto wa darasa la tano akionekana na pampasi bwenini ataitwa kikojozi mpaka amalize la saba. Mimi wangu nilikuwa namwamsha kabla sijalala na tena alfajiri, na baada ya magharibi hakuna maji. Akaacha. Hela ya kengele nunua viatu vya shule.

Nesi wa Zamu
Bibi Tausi shikamoo. Kumwamsha kunaokoa shuka, lakini mtoto anayebebwa chooni huku amelala hajifunzi kuamka mwenyewe. Wengi huacha kwa sababu umri umefika. Kwenye umri wa miaka mitano wanaokojoa kitandani ni kama 15 katika kila 100, wakifika kumi wanabaki kama watano. Anayemwamsha anadhani ndiye aliyeponya.

Na hili la kumnyima maji kwenye joto la Dar silipendi. Anywe vya kutosha asubuhi na mchana, jioni apunguze. Kinachotakiwa kuondoka mezani usiku ni chai ya rangi na soda ya kola. Nyumba nyingi hapa mjini chakula cha usiku ni chai na chapati, kikombe cha pili na cha tatu, halafu tunashangaa saa nane godoro limelowa.

Mama Nuru, mjibu Chande. Yale maswali ndiyo yenyewe.

Baba Fahad
Nitasema ya kengele kwa kuwa nimeishi nayo. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mbagala, ukuta mmoja na jirani. Niliagiza ya bei nafuu mtandaoni kwa muuzaji ambaye baada ya kupokea hela hakujibu tena ujumbe. Ni kijiboksi unachokipachika begani kwenye fulana, waya unapita ndani hadi kwenye klipu ya chupi. Usiku wa kwanza ikalia. Mke wangu akaamka, mdogo wake akaamka akilia, jirani akagonga ukuta. Fahad mwenyewe amelala fofofo, kengele inamlilia sikioni.

Baada ya hapo ikawa inalia hata kwa jasho. Mnajua vyumba vya bati bila feni umeme ukikatika. Mtoto anatoka jasho, klipu inahisi mkojo, tunaamka bure. Betri zikawa zinaisha haraka na ni zile za kidonge, duka la mtaani hawana. Klipu ikaanza kushika kutu kwa mkojo. Jirani akamlalamikia mwenye nyumba, mwenye nyumba akaniita. Fahad akaanza kuogopa kulala, jioni ikifika anazungukazunguka uani hataki kuingia ndani. Hapo nikaitoa.

Sasa kilichoniuma ni kwamba karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina tupu. Baadaye ndipo daktari wa watoto alinieleza kuwa wiki za mwanzo watoto karibu wote hawasikii, ni mzazi ndiye anayepaswa kuinuka, amwamshe kabisa, amfumbue macho, aende chooni kwa miguu yake, wabadilishe shuka pamoja na aivae upya. Hivyo hivyo kwa miezi miwili hata mitatu, na huachi mpaka afikishe usiku 14 mfululizo mkavu. Kifaa chenyewe si kibaya. Ila mama Nuru, nani atamwamsha bwenini?

Mwl. Upendo
Hilo la mwisho ndilo nililotaka kusema. Kengele bwenini itaamsha watoto arobaini.

Na nitagusa jingine, mnisamehe. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kuanzia chekechea hadi darasa la nne, ikaonekana watoto wadogo wanahitaji malezi ya nyumbani. Sasa wazazi wanasubiri tu darasa la tano lifike. Kwani lazima? Mtoto mwenye tatizo hili aanze kutwa, atibiwe akiwa na mama yake.

Kisiki Mkavu
Mwalimu si kila mzazi anaweza kutwa. Mimi natoka Chanika saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini Posta, narudi saa tatu usiku na foleni. Mtoto akae na nani? Bweni limeokoa wengi.

Mwl. Upendo
Sijakataa. Nasema huyu mmoja, kwa muhula huu mmoja.

Mtoto wa Pwani
Mnazunguka sana. Sisi ukikojoa unabebeshwa godoro kichwani, unazungushwa mtaani watoto wanakuimbia. Mara moja tu umekoma. Siku hizi mnawalea kama mayai.

Chande wa Kigamboni
Kaka, mimi nimezungushwa na godoro hilo. Sikuacha. Nilichojifunza ni kuamka kabla ya wote na kuficha shuka chini ya godoro mpaka vyumba vikaanza kunuka, na nikaongezewa fimbo kwa kuficha. Mtoto hakojoi kwa makusudi, amelala. Baba yangu naye alikuwa hivyo utotoni, nimeambiwa nikiwa mtu mzima. Hii inafuata ukoo, na wakati wote huo mzee alikuwa akinichapa.

Nesi wa Zamu
Pole sana Chande. Na ni kweli, ikiwa mzazi mmoja alikuwa nalo uwezekano wa mtoto ni mkubwa, wakiwa wote wawili ni mkubwa zaidi. Mama Nuru, muulize baba yake kwa upole.

Mama Nuru (mleta mada)
Samahani nilikuwa kazini. Ana miaka kumi. Alikauka akiwa na sita, ameanza upya mwaka jana tulipohama kutoka Tanga. Mara tatu nne kwa wiki. Mchana hapana. Maji anakunywa sana kwa kweli, hata usiku. Choo anaenda baada ya siku mbili tatu, sikudhani kinahusiana.

Nesi wa Zamu
Dada, usinunue chochote. Mtoto aliyekuwa mkavu miaka kadhaa akaanza upya, na anakunywa maji sana, kesho asubuhi mpeleke apimwe sukari na mkojo. Kisukari cha watoto kinaweza kuanza hivi hivi, na hakisubiri wiki ijayo. Kama hajawahi kupimwa selimundu, mwambie daktari pia, maana figo za wenye selimundu hushindwa kubana maji. Na kichocho, kama anaogelea mitoni au kwenye mabwawa. Mwangalie vilevile kama anakoroma usiku.

Vidonge vya jirani viliitwaje?

Mama Nuru (mleta mada)
Nimemuuliza. Amitriptilini.

Nesi wa Zamu
Usimpe. Ni dawa ya sonona na maumivu ya neva, na ikizidi kwa mtoto inasumbua mapigo ya moyo, anaweza kufa. Mwambie jirani aifungie mbali kama ana mtoto mdogo ndani. Ile inayoandikwa sana kwa kukojoa kitandani ni desmopresini, na hiyo nayo ni ya kuandikiwa na daktari. Inafanya figo zitengeneze mkojo kidogo usiku. Masharti yake: kuanzia lisaa limoja kabla ya kumeza mpaka yapite masaa manane baada ya kumeza asinywe zaidi ya mafunda machache, la sivyo chumvi ya damu inashuka na anaweza kupata degedege. Akiumwa kuhara au homa, haimezwi. Ukiacha, wengi hurudia.

Mama Nuru (mleta mada)
Nimerudi. Sukari safi, mkojo safi, selimundu hana. Daktari alimpapasa tumbo akasema utumbo umejaa choo kigumu, unakandamiza kibofu. Kapewa dawa ya kulainisha, kisha turudi. Alimuuliza mtoto kuhusu vyoo vya shule, ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba shule hii ya Dar vyoo havina milango, kwa hiyo anabana haja zote mbili mpaka arudi nyumbani. Akifika anakunywa maji kama aliyetoka shamba. Mwaka mzima hajaniambia.

Baba yake bado anasema tuombe hiyo desmopresini kwa ajili ya bweni. Mimi nataka kwanza tumbo lisafike tuone.

Bibi Tausi
Mtoto maskini. Mpe mapapai na ubuyu, na ukwaju.

Baba Fahad
Kwa bweni kidonge kina maana kuliko kengele, hapo nipo na mzee. Lakini nani atahakikisha hanywi maji baada ya kumeza?

Mwl. Upendo
Matroni. Mimi nilikuwa matroni miaka mingi. Nenda shuleni wewe mwenyewe kabla ya kufungua, usitume ujumbe, ongea naye faragha. Mimi shuka za akiba za watoto hawa nilikuwa nakaa nazo chumbani kwangu, nawaamsha kabla ya kengele ya asubuhi ya shule, tunageuza godoro wenzao hawajui. Na vitanda vya kupandiana, mwombee cha chini. Na ukifika, kagua vyoo vyao, ingia ndani kabisa. Lakini bado nasema kutwa.

Kisiki Mkavu
Mwalimu na kutwa yako.
Kava je? Yale ya nailoni ya Kariakoo yanapiga kelele akigeuka, chumba kizima kinasikia, na mtoto anaungua kwa joto.

Chande wa Kigamboni
Tafuta lenye kitambaa cha pamba juu na plastiki chini, la zipu. Pima godoro la shule kwanza, mengi ni futi mbili na nusu na kava za dukani ni tatu.

Mtoto wa Pwani
Fundi anaweza kushona. Mimi nina fundi Ilala.

Mama Nuru (mleta mada)
Anashona kwa shilingi ngapi? Na plastiki nanunua mimi au anayo?