Diski mbili au nne kwa seva ya filamu nyumbani?

Muulizaji (Nkuhungu):
Habari za jioni, wakuu. Ninakusudia kununua kifaa cha kuhifadhi data kwenye mtandao wa nyumbani, ili filamu na picha za familia zilizotapakaa kwenye flashi na kompyuta tatu zikae mahali pamoja na kuonekana kwenye runinga ya sebuleni. Je, nichukue cha diski mbili au nne, na umeme ukikatika nifanyeje?

Jibu (Kisasa):
Mkuu, diski mbili za TB 8 katika RAID 1 (RAID ni mbinu ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) zinakupa TB 8 tu, kwa kuwa kila moja ni nakala ya mwenzake. Nne za TB 4 katika RAID 5, ambapo nafasi ya diski moja hutumika kulinda data, zinakupa TB 12, na moja ikifa data inabaki. Kabla ya kulipa, ulizia kama diski ni za CMR (mistari ya data haipandani), maana za SMR (mistari hupandana) hujikokota mno wakati wa kujenga upya safu ya diski baada ya moja kufa. Mimi nilikaa siku nne nikitazama taa ya chungwa ikipepesa.

Jibu (Ipagala):
UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) si anasa. Iunganishe kwa waya wa USB ili kifaa kijizime chenyewe betri inapokaribia kwisha. Vumbi la kiangazi hapa Dodoma huziba feni, hivyo usikiweke sakafuni. Aidha, RAID haikuokoi ukifuta picha kwa bahati mbaya, kwa hiyo weka nakala nyingine kwenye diski ya nje.

Muulizaji:
Nashukuru. Wi-Fi itatosha?

Jibu (Kisasa):
Kwa simu, ndiyo. Runinga ivutie waya wa mtandao.