Sheria ya 1689 Uingereza: Waprotestanti waliojitenga walipewa nini hasa?

Wa Tudor: Hamjambo ndugu. Inasemwa kwamba mwaka 1689 Waprotestanti waliokataa kufuata kanisa rasmi la Kianglikana walipata uhuru wa kuabudu. Je, ulikuwa uhuru kamili? Tuseme ni kikundi cha Wabaptisti: kilitakiwa kifanye nini ili kisikamatwe?

Wa Frere Town: Zile sheria za kuwabana hazikufutwa, na hapo ndipo wengi hukosea. Sheria ya 1670 ilibaki: wakikusanyika kwa ibada yao watu watano au zaidi wasio wa nyumba hiyo, kila mmoja hutozwa shilingi 5, akirudia 10, mhubiri pauni 20, kisha 40. Theluthi ya faini ilimwendea aliyewachongea, basi wachongezi hawakukosekana.

Lililofanywa 1689 ni kumwondolea adhabu aliyetimiza masharti. Waumini walitakiwa kula kiapo cha utii kwa Mfalme William na Malkia Mary, kisha watie sahihi tamko la kukana kwamba mkate na divai hugeuka mwili na damu ya Kristo. Nyumba ya ibada iandikishwe, ama kwa askofu ama kwenye kikao cha mahakimu. Na mlango usitiwe kufuli wala komeo watu wakiwa ndani. Ukifungwa, kinga yote imekwenda, kwani serikali iliogopa njama za siri. Sharti hili dogo ndilo la kuangalia sana, maana hata kundi lililojiandikisha vizuri lingeweza kuponzwa na komeo.

Mhubiri alikuwa na mzigo wa ziada: akubali Ibara 39 za Kanisa la Uingereza, yaani maelezo ya imani yake, isipokuwa ya 34, 35, 36 na kipande cha ile ya 20. Wabaptisti wako walisamehewa pia maneno ya ubatizo wa watoto wachanga katika ya 27. Waquaker, ambao hawali kiapo, walikubaliwa watoe ahadi tu, lakini wakiri Utatu.

Wa Likoni: Ongeza walioachwa nje: Wakatoliki, na wanaokana Utatu. Hao wa pili walingoja hadi 1813.

Tena aliyetimiza yote bado alilipa zaka kwa kasisi wa Kianglikana, na cheo cha serikali hakukipata bila kushiriki Meza ya Bwana kwa Waanglikana. Wapo walioshiriki mara moja moja ili wapate cheo. 1711 ikatungwa sheria ya kuwatoza pauni 40, ikafutwa 1719. Sharti lenyewe la Meza liliondoka 1828. Kwangu mimi huko ni kuidhalilisha sakramenti, kuifanya cheti cha kazi.

Na ndoa msisahau. Baada ya sheria ya 1753, ilibidi wafungishwe kanisani kwa Waanglikana, ila Waquaker na Wayahudi, mpaka ilipokuja sheria ya 1836.

Wa Tudor: Ahsanteni sana. Na Wamethodisti wa Ribe, masharti haya yaliwafuata huku?

Wa Frere Town: La. Walipoanza Ribe 1862, pwani hii ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, na sheria za kanisa la Uingereza hazikuwahusu. Mvutano wa Waanglikana na wasio Waanglikana lakini ulifika. Mwaka 1913, kwenye mkutano wa wamishonari mahali paitwapo Kikuyu, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana wakashiriki na wasio Waanglikana. Askofu Weston wa Zanzibar akamshtaki kwa uzushi.