Mafundi wa CCTV, nyongeza za katikati ya kazi mnazidhibiti vipi?

Wakuu, naomba ushauri. Nafunga kamera na fensi za umeme hapa Dar, na vijana wawili. Kazi moja haina shida. Zikigongana tatu, kebo iko Mbezi, DVR (mashine ya kurekodi picha za kamera) iko Kigamboni, mteja wa Tegeta anapiga simu kila saa.

Kinachoniumiza zaidi ni nyongeza. Mmekubaliana kamera 8, bosi anataka nyingine bandani kwa kuku (siku hizi kuku nao wanalindwa). DVR ya chaneli 8 (kila kamera chaneli yake) imeshajaa, inabidi ya 16, ila bei anataka ileile!

Mnaandikishana vipi bila kumkwaza? Advansi asilimia ngapi? Na salio mnadai kabla ya kukabidhi nywila ya mfumo au baada? Daftari limenishinda.