Hii "sana" ni yetu peke yetu ama?

Wasee, leo kwa mathree ya Kayole nimekaa na dada ameshika kitabu kimeandikwa SANAKIRJA, nikamuuliza akasema ni Kifini. Hiyo sana wametoa kwetu?

mtu_wa_umo: Zii, Kifini na Kiswahili hazina undugu hata kidogo. Sana kwao ni neno, kirja ni kitabu, so ni kitabu cha maneno, yaani kamusi. Tamu hiyo!

shiru_k: Na kwa Kihispania ni mwenye afya, imetoka Kilatini sanus. Nikianza kujifunza nilidhani comida sana ni chakula mob, kumbe ni chakula chenye afya.

mtu_wa_umo: Wafilipino nao wanaitumia kutamani kitu, sana umulan, yaani natamani mvua inyeshe. Hiyo ndo naipenda zaidi.